Hakone: kutoka siku saba mpaka siku moja

Leo mtu wa Tokyo anapanda treni asubuhi pale Shinjuku, na kisha saa moja na nusu hivi, tayari yuko Hakone-Yumoto. Anaoga maji ya moto ya mlimani, anakula, na jioni anarudi kwake. Mambo rahisi, sivyo? Zamani haikuwa hivyo.

Wakati Tokyo ingali inaitwa Edo, raia hakusafiri ovyo. Toka 1619 kulikuwa bariyeri Hakone, kwenye njia kuu ya Tokaido, na wanawake ndio walichunguzwa zaidi. Kwenda kujitibisha kwa maji ya moto ilikuwa moja ya sababu chache zilizokubaliwa, na tiba ilihesabiwa siku saba saba.

Basi watu wakatafuta mlango. Wasafiri wa Tokaido walipaswa kulala kwenye vituo rasmi, Odawara ao Hakone. Lakini wenye nyumba za wageni pale Yumoto, katikati, wakaanza kuwapokea usiku mmoja tu, wakisema: ni wagonjwa hawa, wamekuja kwa tiba! Mwaka 1805 vituo vikalalamika kwa serikali, maana vilipoteza wateja. Kumbe Yumoto ndiyo ilishinda.

Bariyeri iliondolewa 1869. Reli ya Shinjuku mpaka Odawara ilifunguliwa 1927, na treni za moja kwa moja mpaka Yumoto zikaanza 1950.

Tunasemaka treni ndiyo ilileta matembezi ya siku moja. Hapana: treni ilikuta njia imeshafunguliwa. Waliotangulia walipigania kwanza usiku mmoja.