Kununua shangingi lililotumika: Mkazi wa Chunya aangalie nini?

Na Mwandishi Wetu, Chunya

MCHAGUA jembe si mkulima, walisema wahenga. Lakini kwa mtu anayetaka kununua gari kubwa la familia lililokwisha kutumika, msemo huo hauna nafasi, kwa kuwa asiyechagua ndiye anayebaki na chuma kilichoegeshwa uani, huku fedha za mavuno ya tumbaku au za dhahabu zikiwa zimekwisha.

Wilayani Chunya, mkoani Mbeya, gari la aina hiyo, ambalo mitaani hujulikana kama shangingi, si pambo pekee. Barabara inayotoka Mbeya, yenye urefu wa takriban kilometa 70, imewekwa lami, na lami hiyo imeendelea hadi Makongolosi. Hata hivyo, anayeiacha barabara hiyo na kuelekea machimboni au kwenye mashamba ya tumbaku hukutana na vumbi jingi wakati wa kiangazi, na tope kati ya Novemba na Aprili.

Kwa upande mwingine, lami yenyewe ina mtihani wake. Kutoka Mbeya barabara hupanda milima ya Kawetere kabla ya kuteremka kuelekea Chunya, na gari lenye breki dhaifu au rejeta iliyoziba hujulikana hapo, mara nyingi likiwa na watoto ndani.

Safari kwanza, gari baadaye

Jambo la kwanza ni kujiuliza gari litakwenda wapi. Familia ambayo safari zake ni Chunya mjini, hospitali na masoko ya Mbeya haina sababu kubwa ya kununua shangingi, kwa kuwa gari dogo zaidi linaweza kuifikisha huko kwa gharama nafuu ya mafuta na matairi.

Lakini familia yenye watu saba au wanane, yenye shamba au mgodi nje ya lami, na yenye desturi ya kwenda Dar es Salaam au mikoa mingine kila mwaka, inaweza kunufaika na gari la aina hiyo.

Mnunuzi anashauriwa kwenda na familia yake kulitazama gari. Viti vya safu ya tatu katika magari mengi ya aina hii ni vya kukunjwa, na vikikunjuliwa nafasi ya mizigo hubaki ndogo. Kila kiti kikaguliwe kama kina mkanda wa usalama unaofunga na kufunguka vizuri, kwani mikanda ya viti vya nyuma ndiyo husahaulika.

Aina zinazopatikana sokoni

Toyota Land Cruiser ndiyo inayotawala soko la Tanzania, na sababu kubwa ni upatikanaji wa spea na mafundi wanaoifahamu.

Toleo la 80, lililoanza kuuzwa mwaka 1990, lina ekseli nzima mbele na nyuma na linastahimili barabara mbovu. Hata hivyo, magari hayo sasa ni ya umri mkubwa, hivyo hali ya gari moja moja ina maana kuliko sifa ya jina. Likiwa na injini ya dizeli ya 1HZ yenye ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabo, huenda polepole mlimani lakini hutengenezwa karibu popote.

Toleo la 100, lililouzwa kati ya mwaka 1998 na 2007, ndilo lililozoeleka kwa jina la VX. Ni tulivu zaidi barabarani na lina nafasi ya kutosha. Baadhi ya yaliyotoka Japani yana mfumo wa kupandisha na kushusha bodi kwa mafuta badala ya shokapu za kawaida. Mfumo huo ukiharibika gharama yake ni kubwa, hivyo mnunuzi aujaribu kabla ya kulipa.

Toleo la 200 lilianza mwaka 2007 na kukoma mwaka 2021. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Nchini Japani toleo hilo liliuzwa kwa injini za petroli tu. Kwa hiyo anayeelezwa kuwa VX V8 ya dizeli imetoka Japani ana haki ya kuomba nyaraka zaidi, kwa kuwa magari ya dizeli ya toleo hilo yalipelekwa katika masoko mengine, ikiwamo Uingereza.

Land Cruiser Prado ni ndogo kidogo na huwatosha wengi. Prado za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 1KZ zinajulikana kwa kupasuka hedi ya silinda pindi zinapochemsha. Zilizofuata, zenye injini ya 1KD ya lita 3.0, zina nguvu nzuri lakini nozeli zake hazivumilii mafuta machafu. Toyota iliacha kuuza Prado ya dizeli nchini Japani mwaka 2007 na kuirejesha mwaka 2015 ikiwa na injini ya lita 2.8. Prado iliyotengenezwa kati ya miaka hiyo na kuuzwa Japani kwa kawaida ni ya petroli.

Nissan Patrol ya toleo la Y61, iliyoanza mwaka 1997, nayo ni gari imara. Yenye injini ya TD42 ya lita 4.2 inaaminika, wakati zile za mwanzo zenye injini ya ZD30 ya lita 3.0 zilipata sifa mbaya ya kuharibika pistoni. Kabla ya kununua Patrol, Mitsubishi Pajero au Land Rover Discovery, ni vyema kuuliza kwanza mafundi na maduka ya spea ya Mbeya, badala ya kusubiri hadi gari liharibike.

Dizeli au petroli

Hesabu ya mafuta ifanywe kabla ya kununua. Land Cruiser ya petroli ya lita 4.7 inaweza kwenda kilometa 5 hivi kwa lita moja, wakati gari la dizeli la lita 4.2 au Prado ya petroli ya lita 2.7 inaweza kukaribia kilometa 8, kutegemea uzito na mwendo.

Kutoka Chunya hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 900. Gari la kwanza litahitaji lita 180 kwenda tu, na la pili lita 113 hivi. Kwa kwenda na kurudi tofauti ni zaidi ya lita 130. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, hivyo kila mtu anaweza kuzidisha mwenyewe.

Dizeli ina faida hiyo, lakini si kila dizeli inafaa kila mahali. Injini za zamani zenye pampu ya kawaida huvumilia zaidi mafuta ya kwenye madumu yanayouzwa maeneo ya machimbo. Injini za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na maji au uchafu kidogo huharibu nozeli ambazo bei yake huumiza. Mwenye gari la namna hiyo ajaze tangi kwenye kituo cha uhakika na kubadilisha chujio mapema.

Vilevile, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 za mwinuko. Jiji la Mbeya liko karibu meta 1,700 kutoka usawa wa bahari na barabara ya Chunya hupanda zaidi ya hapo. Gari lililoonekana jepesi Dar es Salaam linaweza kuwa zito Kawetere likiwa na watu wanane.

Bei ya Japani si bei ya Chunya

Wanaoagiza gari wenyewe hawana budi kuzingatia kodi. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari lenye injini ya zaidi ya sisi 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 18. Lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30.

Kwa mfano, gari linalokadiriwa thamani ya Sh milioni 20 hadi bandarini, kama halijafikisha miaka 8, litadaiwa takriban Sh milioni 12.5 kwa kodi hizo. Lenye thamani hiyohiyo lakini lililozidi miaka 10 litadaiwa takriban Sh milioni 21.3. Bado hazijahesabiwa tozo ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hukadiria thamani kwa orodha yake na si kwa risiti ya muuzaji. Ina kikokotoo kwenye tovuti yake, na kwa kuwa viwango huweza kubadilika kwa bajeti ya kila mwaka, kitumike kabla ya kutuma fedha.

Ukaguzi usiopuuzwa

Gari litazamwe asubuhi injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla mnunuzi hajafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu huashiria oili inaungua, na moshi mweupe usiokoma pamoja na maji ya rejeta kupungua huashiria gasketi au hedi.

Fundi wa kulikagua achaguliwe na mnunuzi, si muuzaji. Alale chini ya gari na kuangalia kutu kwenye chesisi, hasa kwa magari yaliyotoka Uingereza au maeneo ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi. Aangalie mafuta yanayovuja kwenye difu na magurudumu ya mbele, bushi zilizokwisha, na dalili za kuchomelewa.

Aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ukikatika, injini kama 1HZ inaweza kuharibika kabisa. Kwa matairi, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zee lenye kashata nzuri bado ni hatari.

Kilometa za kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huonesha kilometa zilizorekodiwa wakati wa ukaguzi, na kiti, pedali na usukani uliochakaa navyo husema.

Jaribio la mwisho ni mlimani. Gari lipandishwe mteremko mrefu huku kipimo cha joto kikitazamwa, kisha lishushwe kwa gia ndogo ili breki zipimwe. Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne ujaribiwe kwenye udongo, si kwenye lami kavu.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la muuzaji lilingane na kadi ya gari na kitambulisho chake, na namba za chesisi na injini zisomwe kwenye chuma chenyewe. Kadi isiyoonekana huenda imeshikiliwa na benki kwa mkopo.

Herufi za namba ya usajili huonesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. Gari la “namba E” linaweza kuwa la zamani kuliko la “namba D”.

Kwa magari yaliyotoka mnadani au kwenye miradi ya wafadhili, hati za mnada ziwepo, na ithibitishwe kuwa kodi iliyosamehewa wakati wa kuingizwa imekwisha kulipwa. Deni la faini za barabarani na uhalali wa bima navyo vinaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Anayechelewa huendelea kuendesha gari la mtu mwingine, na muuzaji asiyefuatilia huendelea kubeba lawama za gari asilolijua lilipo.

Mwisho, isitumike akiba yote kwa kununua. Sehemu yake ibakizwe kwa ajili ya oili, machujio, mkanda, matairi na breki katika mwezi wa kwanza. Gari ambalo bei yake haikuacha fedha ya kulihudumia ni gari ambalo familia haijalimudu, hata kama tayari limeegeshwa nyumbani.