Vijana wa Filamu na Wazazi wa Leo: Saikati na Something Necessary katika Bonde la Ufa

Kuna dhana miongoni mwa wahakiki kwamba filamu inayosawiri dhiki za ujana huishi muda mrefu kadiri inavyojitenga na mahali ilipozaliwa. Mfano utolewao sana ni Rebel Without a Cause (1955) ya Nicholas Ray. Kijana anayeigizwa humo na James Dean hasumbuliwi na njaa wala vita, bali na nyumba isiyomwelewa, na kwa hiyo husemekana kwamba kila kizazi chaweza kujiona ndani yake. Filamu mbili za Kenya zinazohusiana na Bonde la Ufa zaipinga dhana hii.

Ya kwanza ni Saikati (1992) ya Anne Mungai. Msichana wa Kimaasai anayetamani kuwa daktari anatakiwa aache masomo na kuolewa na mwana wa chifu. Anatorokea Nairobi pamoja na binamu yake, Monica, kwa ahadi ya kazi, na huko anagundua kwamba binamu huyo huuza mwili. Chanzo cha dhiki kinatajwa wazi. Ni desturi, na nyuma yake pana mamlaka ya chifu. Sheria ya Watoto ya 2001 ilipiga marufuku ndoa za namna hiyo, na Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaweka umri wa kuoana kuwa miaka 18. Mhakiki mwenye haraka angesema filamu imekwisha kazi yake. Lakini sheria haikuing'oa desturi yenyewe, na zaidi ya hayo, msichana wa 1992 sasa ni mama mtu mzima. Binti wa Narok au Naivasha anayeitazama filamu leo huenda asimwone mwenzake. Humwona mamake kabla hajawa mama. Mungai mwenyewe hakumwacha mhusika wake katika ujana, kwani alimrudia katika Saikati the Enkabaani (1998) akiwa tabibu.

Suala hili ni zito zaidi katika Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge. Anne, muuguzi aliyefiwa na mumewe katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, anajaribu kuifufua nyumba na shamba lake. Joseph, kijana aliyekuwa katika genge lililoshiriki ghasia hizo, anavutwa kurudi shambani humo kana kwamba anatafuta mahali pa kutubia. Usawiri huu ni wa kijasiri: kijana mwenye dhiki ndiye pia mwenye hatia. Nakuru yamjua kijana huyo. Eneo la Molo lilikuwa limekwisha kuonja mapigano ya kikabila mwaka 1992, na mwishoni mwa Januari 2008 ghasia zikaingia Nakuru mjini na Naivasha. Kote nchini walikufa zaidi ya watu 1,100.

Juni 2024 vijana wa Nakuru walimiminika barabarani, kama wenzao wa miji mingine, kuupinga Mswada wa Fedha, wakitangaza kwamba hawana kabila wala chama. Mwenye miaka 20 wakati huo alikuwa na miaka minne hivi nyumba zilipochomwa. Je, Joseph ana neno gani kwake? Kama kioo, hana kubwa. Ila kijana huyo akiisha kuitazama filamu, yamkini atataka kujua kaka yake mkubwa, au ami yake, alikuwa wapi Januari ile, na swali hilo haliulizwi kwa urahisi katika nyumba za Molo na Njoro.

James Dean alifariki Septemba 1955, akiwa na miaka 24, kabla filamu hiyo haijatolewa; hakupata kuzeeka mbele ya watazamaji wake. Marika ya Joseph wamezeeka. Wamo Nakuru, wengine wakiwa na watoto wa shule ya upili, na filamu inapoonyeshwa sebuleni huitazama wakiwa wameketi kando ya watoto hao.