Matawi au Mitende?

Jumapili inayotangulia Pasaka ina majina mawili. Mkatoliki wa Changamwe atakwambia Jumapili ya Matawi. Mwanglikana wa Frere Town, kijiji cha Kisauni kilichoanzishwa 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, huenda akasema ya Mitende. Kila mmoja ana shahidi. Mathayo na Marko wanataja matawi bila kusema ni ya mti gani; Yohana ndiye aliyesema mitende. Luka hana matawi kabisa, ana nguo tu zilizotandikwa njiani.

Lakini mtende wenyewe uko wapi? Likoni tunaijua tende ya futari kuliko mti wake. Kinachopungwa kwenye maandamano ni kuti la mnazi, tena changa, la rangi ya manjano. Mtoto huchana ukuti mmoja, akachomoa chelewa, ule ujiti wa katikati, akaukunja mara mbili tatu ukawa msalaba. (Chelewa zikitosha, ni fagio, pwani mnazi hautupwi kitu.) Misalaba hiyo hukaa ukutani hadi irudishwe kanisani na kuchomwa, ipatikane majivu ya Jumatano ya Majivu mwaka unaofuata.

Mimi naliunga mkono jina la Matawi, kwa kuwa halimlazimishi mtu kuuita mnazi mtende. Nalo lina kasoro: mnazi hauna matawi, una makuti. Jumapili ya Makuti ingekuwa sahihi kuliko zote, ila waumini wangedhani wameitwa kuezeka paa.