Udongo Mkono Mmoja, Biblia Mkono wa Pili

Bwana asifiwe, wapendwa. Nasema tena, Bwana asifiwe!

Salamu hiyo umeizoea mpaka huifikirii. Lakini ilitufikia kwa njia ndefu, na pamoja nayo likaja neno "nimeokoka" jinsi tunavyolisema leo tukisimama kutoa ushuhuda. Tuliyarithi kwa watu ambao hata hawakuwa wa makanisa yetu ya Kipentekoste. Wengi wao walikuwa Waanglikana na Wapresbiteri, watu wa kitabu cha sala. (Wale wanaodhani Roho Mtakatifu aliingia Kenya na vyombo vya muziki, mnisamehe.) Wiki hii tumekuwa katika Wakolosai 1:18, kwamba Kristo awe wa kwanza katika mambo yote, na Amina zenu nimeziona nyingi. Leo nataka mwone Amina ya waliotutangulia iliwagharimu nini.

Mwaka wa 1929, katika kilima cha Namirembe kule Kampala, watu wawili walikutana. Mmoja ni Simeoni Nsibambi, Mganda. Wa pili ni Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, na makanisa yalikuwa na watu wengi waliobatizwa. Njaa yao ilikuwa kumjua Yesu mwenyewe, si habari zake tu. Walikaa na Biblia, wakaomba, wakatubu. Miaka michache baadaye moto ukawaka Gahini. Watu waliungama wizi, uzinzi na chuki, wakarudisha mali za wenyewe. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifundisha na kuhubiri huko hadi ugonjwa ulipomchukua Januari 1936, angali kijana. Tukutendereza, wimbo wao wa Kiganda, ukawa kama kitambulisho: ukiusikia njiani, unajua ndugu wako karibu.

Mwaka wa 1937 kikundi cha ndugu hao kilifika Kabete, na Uamsho ukaingia nchi ya Wakikuyu. Waliookoka wakaitwa ahonoki. Msifikiri walipokelewa kwa vigelegele, maana hata kanisani wengine waliwaona wasumbufu. Kati ya viongozi wao wa mwanzo alikuwa Obadiah Kariuki, ambaye mwaka wa 1955 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Desturi yao kubwa waliiita kutembea nuruni. Walikutana mara kwa mara, na mtu aliitaja dhambi yake kwa jina lake halisi mbele ya wenzake. Hakusema "niombeeni nina udhaifu." Alisema nilidanganya, nilimpiga mke wangu, nilikula pesa za ushirika. Kisha wenzake wakamwelekeza kwa damu ya Yesu, wakaimba, wakaendelea. Kumjua Yesu kwao kulikuwa ni huko, kusamehewa leo kwa jambo la leo. Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililowasimamisha wakati wa jaribu.

Sasa tugeukie upande wa pili. Mashamba ya Wakikuyu yalikuwa yamechukuliwa na walowezi. Hilo ni kweli, na niliseme wazi kabla mtu hajakasirika: dai la ardhi lilikuwa la haki. Chama cha KCA kilichoanza miaka ya 1920 kilikuwa na kiapo chake cha uaminifu, na mtu alipoapa alishika Biblia kwa mkono mmoja na udongo kwa mkono wa pili.

Hebu itazame hiyo picha vizuri. Biblia huku, udongo huku. Wengi wetu tunaishi hivyo hivyo mpaka leo, na kwa muda mrefu haionekani kama kuna shida yoyote. Shida huja siku mkono mmoja unapohitajika kwa kitu kingine. Kadiri mapambano yalivyozidi kuwa makali, kiapo kilibadilika. Biblia ikatoka, zikaingia nyama na damu ya mbuzi, na mtu kupita chini ya tao la migomba. Udongo haukutoka.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Katika vijiji vya Murang'a, Kiambu na Nyeri kiapo hakikuwa tena jambo la kuchagua kwa starehe. Uligongewa mlango usiku. Waliokwenda kanisani kila Jumapili wengi walikula kiapo, na sitawahukumu kwa simu yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ahonoki wengi walikataa. Jibu lao, kama lilivyosimuliwa na waliobaki, lilikuwa la watu wasiosoma theolojia: nimekwisha kunywa kikombe cha damu ya Yesu, siwezi kuweka damu nyingine juu yake. Wengine walipigwa wakaachwa wakidhaniwa wamekufa. Wengine walikufa kweli.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo wahubiri tunapenda kuiruka. Serikali iliwaona hao ndugu, ikafikiri imepata watu wake. Ikawapa bunduki, wawe ngati, walinzi wa vijiji dhidi ya watu wa msituni. Wengi walikataa na bunduki pia. Walisema hao walio msituni ni watu ambao Yesu aliwafia, tutawapigaje risasi? Wakabaki katikati, bila kiapo na bila silaha, pande zote mbili zikiwashuku. Mtu akikataa kiapo halafu akachukua bunduki, tungeweza kusema alikuwa na siasa tofauti tu. Mtu aliyekataa vyote viwili anatuonyesha ni nani aliyekuwa amekalia kile kiti.

Ndiyo maana nasema tumekosea tukidhani anayeshindania nafasi ya Kristo ni pombe na disko. Soma Luka 14:26 polepole. Yesu hakutaja kilabu cha pombe. Alitaja baba, mama, mke, watoto, ndugu, na nafsi yako mwenyewe. Vitu vizuri! Ardhi ni nzuri, uhuru ni mzuri, jamii yako ni nzuri. Ndugu wale walipenda ardhi yao kama jirani zao. Hawakukubali tu iwaambie ni nani wa kuua na ni nani wa kuapia.

Jaribu lenyewe lilirudi bendera yetu ikiwa juu. Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na miezi iliyofuata watu walisafirishwa kwa malori kwenda Gatundu kula kiapo kwamba uongozi hautatoka katika nyumba ya Mumbi. Safari hii hakukuwa na mzungu wa kulaumiwa. Samuel Gathinji, mtumishi wa kanisa la PCEA, alipigwa kwa kukataa, akafa. Viongozi wa makanisa walilalamika kwa serikali, Askofu Obadiah Kariuki akiwa mmoja wao, naye mke wake na mmoja wa wake za Rais Kenyatta walikuwa mabinti wa baba mmoja, Chifu Koinange. Fikiria kikao cha familia hiyo.

Leo hakuna anayetupitisha chini ya tao la migomba. Kuna makundi ya WhatsApp ambako "mtu wetu" akiiba, ni sawa, na wa kwao akiiba, ni mwizi. Mpendwa, umo ndani ya kundi hilo? Ulisema nini mara ya mwisho?

Ukipita Murang'a mjini, ingia kanisa la Anglikana la St. James, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa miaka hiyo. Ukutani kuna michoro mikubwa mitano ya Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Tanzania. Amemchora Yesu akizaliwa, akibatizwa, akila karamu ya mwisho, akiomba Gethsemane na akisulubiwa, na mandhari yote ni ya nchi hiyo hiyo ya Murang'a. Mpeleke kijana wako, mkae hapo kidogo bila simu.