Macho ya mpiga mbizi: nani azamie, kwa lenzi ipi, na nani asubiri

Wasafiri kutoka nchi zisizo na bahari huteremka pwani ya Tanzania na Kenya, na baadhi yao huzamia kwa mara ya kwanza kwenye matumbawe ya Mnemba, Mafia au Watamu. Katika Ziwa Tanganyika wapo wanaozamia kwa riziki, wakikamata samaki wa mapambo wanaouzwa nchi za nje. Wote huonywa kuhusu masikio na mapafu, lakini macho husahaulika, ingawa kuna hali chache ambamo kuzamia kunaweza kumpofusha mtu moja kwa moja.

Hali hizo zinaelezeka kwa swali moja: hewa iko wapi? Hewa iliyo mbele ya jicho humsaidia mpiga mbizi kuona. Hewa au gesi iliyonaswa chini ya lenzi au ndani ya jicho humdhuru.

Kwa nini jicho halioni vyema majini

Sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga, takriban theluthi mbili, hufanywa na konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Konea huifanya kazi hiyo kwa sababu imepakana na hewa. Ikipakana na maji, ambayo hupinda mwanga karibu sawa na yenyewe, nguvu yake hupotea na kila kitu huonekana kama kiko nyuma ya ukungu.

Maski ya kuzamia huirudisha hewa mahali pake. Hata hivyo, mwanga unapotoka majini na kupita kwenye kioo bapa, vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi moja na karibu zaidi kuliko vilivyo. Samaki anayeonekana yuko umbali wa mita tatu huwa yuko mita nne.

Mwanadamu anaweza kujifunza kuona kiasi bila maski. Mwaka 2003, mtafiti Anna Gislén wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alichapisha matokeo kuhusu watoto wa jamii ya Wamoken, watu wa baharini wa Thailand. Watoto hao waliona majini kwa ukali mara mbili zaidi ya watoto wa Ulaya, kwa kuibana mboni na kulilazimisha jicho kutafuta picha. Lakini hata wao hawakuona majini kama aonavyo mtu mwenye maski.

Mgandamizo na maski

Kila mita kumi za kina huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa anga yote iliyo juu yetu. Hivyo, mtu akifika mita kumi, hewa ya ndani ya maski hutaka kusinyaa hadi nusu ya ujazo wake. Asipotoa pumzi kidogo kwa pua ili kuijaza nafasi hiyo, maski hunyonya uso kama kikombe cha mpiga chuku. Kope huvimba na mishipa midogo ya damu hupasuka katika weupe wa jicho.

Wekundu huo hutisha, lakini kwa kawaida hutoweka wenyewe katika muda wa wiki mbili hivi. Ukiambatana na maumivu makali, kuona vitu viwili viwili, au kupungua kwa uwezo wa kuona, mhusika amwone daktari bila kuchelewa.

Kwa sababu hiyo, miwani ya kuogelea isiyofunika pua haifai kwa kuzamia na mtungi wa hewa. Haina njia ya kujazwa hewa mtu anapoteremka.

Anayevaa miwani afanye nini?

Miwani ya kawaida haiwezi kuvaliwa ndani ya maski, kwani mikono yake huipenyeza maji. Zipo njia mbili za kuaminika.

Ya kwanza ni maski yenye lenzi za kurekebisha uoni. Kwa asiyeona mbali, lenzi hizo hupatikana zikiwa tayari, aghalabu kwa hatua za nusu dayopta. Mwenye astigmatizimu nzito, au mwenye macho yanayotofautiana sana, humhitaji mtaalamu wa miwani amtengenezee lenzi zake mwenyewe. Waliovuka miaka arobaini, wanaoona samaki vizuri lakini wanashindwa kusoma geji ya hewa mkononi, huweza kuwekewa vipande vya lenzi ya kusomea sehemu ya chini ya kioo. Hilo si suala la starehe: asiyeisoma geji hajui amebakiwa na hewa kiasi gani.

Ya pili ni lenzi zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe. Hapa aina ya lenzi ni muhimu. Mpiga mbizi anapopanda, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka, ikiwemo ile iliyo katika machozi. Lenzi ngumu za plastiki za aina ya zamani hazipitishi gesi. Viputo hunaswa kati ya lenzi na konea, na mtu huona ukungu, mwanga wenye duara na maumivu. Lenzi laini hupitisha gesi, na ndizo zinazopendekezwa.

Lenzi laini nazo zina masharti. Maski ikiingia maji, macho yafumbwe, la sivyo lenzi itachukuliwa. Maji ya bahari, na zaidi maji ya ziwa na mto, huweza kubeba kimelea kiitwacho akanthamoeba, ambacho hujificha chini ya lenzi na kuila konea. Ugonjwa huo hutibiwa kwa muda mrefu na unaweza kuacha upofu. Kwa hiyo zifaazo zaidi ni lenzi za siku moja: huvaliwa kwa mikono mikavu na safi, hutupwa baada ya kuzamia, wala hazioshwi kwa maji ya bomba wala kulaliwa usiku.

Baada ya upasuaji

Miongozo inayofuatwa sana ilitokana na kazi ya daktari wa macho wa Jeshi la Majini la Marekani, Frank Butler, iliyochapishwa mwaka 1995. Muda wa chini wa kusubiri ni kama mwezi mmoja baada ya upasuaji wa leza wa LASIK. Kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya kuondolewa mtoto wa jicho, kutegemea jinsi jicho lilivyopasuliwa. Miezi miwili baada ya upasuaji wa retina. Na miezi sita baada ya kupandikizwa konea. Daktari aliyefanya upasuaji anaweza kuongeza muda huo, na neno lake ndilo la mwisho.

Katazo lisilo na nafasi ya majadiliano linamhusu mgonjwa aliyewekewa gesi ndani ya jicho ili kuishikiza retina iliyobanduka. Gesi hiyo hukaa kwa siku kadhaa au hata wiki nyingi, kutegemea aina yake. Mtu akizamia, gesi husinyaa na jicho hulegea. Akipanda, hupanuka na kuibana mishipa inayolisha jicho kwa damu. Upofu unaweza kuwa wa kudumu.

Kanuni hiyo haiishii majini. Mgonjwa mwenye gesi jichoni hapaswi kusafiri kwa ndege. Vilevile, anayetibiwa Mombasa au Dar es Salaam na kupanda kwa basi hadi Nairobi au Kigali, miji iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700 na 1,500, amuulize daktari kabla ya kukata tiketi.

Glakoma na dawa za macho

Wengi wenye glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho, hudhani kwamba bahari itaongeza presha hiyo. Maski iliyojazwa hewa ipasavyo huzuia hilo, na wengi wao wanaweza kuzamia kwa ruhusa ya daktari. Waliopasuliwa ili kutengenezewa mfereji wa kupunguza maji ya jicho ndio wanaohitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa maski inayonyonya huweza kuudhuru.

Dawa nazo zitajwe. Matone ya timololi huweza kupunguza mapigo ya moyo. Vidonge vya asetazolamidi huleta ganzi na mchomo vidoleni, dalili zinazoweza kudhaniwa kuwa za ugonjwa wa mgandamizo.

Dalili zisizosubiri

Atakayepoteza uwezo wa kuona, kuona nusu ya picha au kuona viwili viwili baada ya kutoka majini apewe oksijeni na apelekwe hospitali mara moja. Huenda ni naitrojeni iliyoshika ubongo au mishipa ya jicho, na tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo.

Fomu ya afya inayojazwa kabla ya kuzamia huuliza kuhusu upasuaji wa macho wa karibuni. Anayejibu «hapana» ili asikose safari iliyokwisha lipiwa anamnyima mwalimu wake nafasi pekee ya kumzuia.