Cheo Kilichokufa Njoro, Swali Lililobaki Tunduma

Mwezi Januari 1958 alifariki nchini Kenya Maurice Egerton, Baroni wa nne Egerton wa Tatton. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Cheo cha ukoo wake, kilichotolewa na ufalme wa Uingereza mwaka 1859, kikafa pamoja naye kwa kukosa mrithi wa kiume.

Jina lake, hata hivyo, halikufa. Mwaka 1939 alikuwa ameanzisha huko Njoro shule ya kilimo kwa vijana wa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambamo leo wanasoma watoto wa wale ambao shule haikujengwa kwa ajili yao. Lakini tusishukuru kwa pupa: mkataba wa mwaka 1904 ulikuwa umekwisha kuwaondoa Wamaasai katika sehemu hiyo ya Bonde la Ufa ili walowezi wapate mashamba.

Nayaandika haya nikiwa Tunduma, ambako habari ya vyeo vya kurithi si ya mbali. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Ng'ambo, Nakonde, sheria za Zambia zinawatambua machifu wao hadi leo. Huku kwetu, Bunge la Tanganyika lilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Kabila ni moja. Upande mmoja cheo kipo kisheria, upande wa pili hakipo.

Wanafunzi wangu hubishana kama tulifanya vyema kukifuta. Mimi naamini tulifanya vyema. Ila cheo kikifa, kiwe kimekosa mrithi au kimefutwa na sheria, lipo swali lisilokwepeka: ardhi iliyokuwa chini yake imerithiwa na nani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetujibu. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kuigawa kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Warithi, basi, ni wanakijiji wote.

Ndugu mtumishi wa umma, mkutano huo ukiitishwa kwa jina tu, mwenye muhuri amekuwa chifu mpya. Nawe mwanaharakati, usiridhike kuuliza nani ametia saini. Omba muhtasari wa mkutano, usome waliohudhuria ni akina nani na waliridhia nini.