Ngome, Kitabu na Sauti: Maktaba katika Mji wa Amu

Mtu ashukaye gatini Amu, akaiacha bahari nyuma yake na kushika kichochoro kiingiacho mjini, hatembei sana kabla hajafika Mkunguni, uwanja wenye mti mkubwa ambao kivuli chake ni baraza ya kila siku. Hapo ndipo isimamapo ngome, kuta zake nene za mawe ya matumbawe zikiutazama uwanja. Zamani ilisimama ufukweni hasa. Ni mji uliosogea baharini na kuiacha ndani. Humo ngomeni mna makumbusho ya mazingira, mna ua unaotumiwa kwa mikutano na shughuli za watu wa mji, na mna maktaba ya umma. Mgeni huiona maktaba hiyo kuwa ni nyongeza tu ya makumbusho. Lakini aijuaye historia ya Amu atashangaa kwamba vitabu vimepata makao katika jengo hili miongoni mwa majengo yote ya mji.

Ujenzi wa ngome ulianza takriban mwaka 1813 ukakamilika 1821. Sababu yake ni Vita vya Shela, pale jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa liliposhuka katika ufukwe wa Shela kuja kuitia Amu mkononi, likashindwa vibaya. Mapokeo yasema maji yalikupwa, vyombo vikakwama mchangani, na waliokimbilia baharini hawakuwa na pa kukimbilia. Waamu walishinda, lakini ushindi wenyewe uliwatia hofu ya kisasi, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Askari wakaja na ngome ikasimama. Wapenzi wa ushairi wanavijua vita hivi kwa njia nyingine: ni katika miaka hiyo Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Amu walikuwa wakitunga mashairi ya siasa na ushindani wa miji yao, na beti zilisafiri baina ya bandari hizi pamoja na mizigo na habari za vita. Basi ngome ilizaliwa katika zama ambazo neno lilikuwa silaha mojawapo.

Baadaye ikawa gereza. Kuanzia 1910 hadi 1984, chini ya serikali ya kikoloni na kisha ya Kenya huru, watu waliingizwa humo kwa amri ya hakimu. Si Amu peke yake iliyopatwa na hayo. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na Ngome Kongwe ya Unguja nayo iliwahi kuwafunga watu. Yaelekea kila dola iliyotawala pwani hii ikipewa kuta nene huona kwanza gereza. Wala gereza na ushairi wa Kiswahili si wageni wao kwa wao: Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni baina ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri katika karatasi za msalani, na diwani hiyo iliyochapishwa 1973 leo ni mali ya maktaba. Huo ulikuwa mkasa wa Mombasa na Kamiti, si wa Amu. Lakini ni vigumu kuyafikiria mabadiliko ya ngome ya Amu bila kuukumbuka.

Mwaka 1984 wafungwa waliondolewa, na jengo likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Likafuata tengenezo kubwa la miaka kadhaa, kwa msaada wa Sweden. Kwa mara ya kwanza katika muda wa zaidi ya karne na nusu, mtu wa Amu aliweza kuingia ngomeni kwa hiari yake, akakaa atakavyo na kutoka atakapo.

Lakini aingie kufanya nini? Hilo ndilo swali la kila maktaba ya mji mdogo, popote iwapo. Rafu za vitabu pekee hazimwiti mtu. Ndiyo maana maktaba za siku hizi zina ratiba: saa ya hadithi kwa watoto, ziara za wanafunzi, mashindano ya kusoma, mazungumzo na waandishi, jioni za mashairi. Wako waionao ratiba ya namna hii kuwa ni jambo geni lililoletwa pamoja na rafu zenyewe. Kwa Amu, mambo yalikuwa kinyume. Ratiba ilitangulia, rafu ndizo zilizochelewa.

Mji ule ulikuwa na kalenda ya vitabu karne nyingi kabla haujawa na chumba cha kusomea. Katika mwezi wa Mfungo Sita ilisomwa Maulidi. Katika Ramadhani palikuwa na darsa misikitini, mwalimu akisoma Kiarabu na kukieleza kwa Kiswahili, na waliomzunguka hawakuhitaji kujua kusoma ili wakisikie kitabu. Hamziya ilisomwa kwa Kiarabu, na chini ya kila mstari ikaandikwa tafsiri ya Kiswahili ya Sayyid Aidarusi wa Pate, hata mswada mmoja ukawa wanena kwa ndimi mbili. Palipokuwa na msiba palikuwa na khitma. Na hapa inafaa kutua kidogo, kwani khitma ni mfano mzuri wa namna watu wa pwani walivyoelewa kitabu ni nini. Msahafu hugawiwa juzuu thelathini, kila mmoja akashika yake, na wote wakasoma kwa wakati mmoja, hivi kwamba kitabu kizima kinakwisha katika kikao kimoja ingawa hapana hata mtu mmoja aliyekisoma chote. Siyu, kule kisiwani Pate, ilisifika kwa waandishi wa misahafu katika karne za 18 na 19, na kazi zao hazikuwa za kutazamwa ndani ya kabati la kioo. Zilikuwa za kushikwa.

Wanawake walikuwa na kalenda yao nyumbani. Utendi alioutunga Mwana Kupona mnamo 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa moyoni na kughaniwa ndani ya nyumba, mama akimfundisha mwana. Hapana chumba cha umma kilichowahi kumkaribisha mwanamke wa Amu wa zama zile aje asome. Kitabu ndicho kilichomfuata, na aghalabu kilimfuata kwa sauti ya mwanamke mwenziwe.

Palikuwa pia na maktaba kwa maana halisi ya neno, nayo ni ile ya wakfu. Mwenye kitabu aliandika katika kurasa za mwanzo kwamba ametia wakfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, na tangu hapo hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuhusishwa daima na Habib Saleh, mwanachuoni ambaye asili yake ni visiwa vya Ngazija, ulikusanya vitabu vingi vya namna hiyo. Habib Saleh ndiye aliyeieneza Amu Maulidi ya Habshi, yenye kusomwa kwa dufu, na milango yake ilikuwa wazi kwa watu ambao mabwana wa mji hawakupenda kuwaona wakisomeshwa: watoto wa waliokuwa watumwa, wageni, na masikini wa pembezoni. Wakubwa walinung'unika. Hapo ndipo pa kuupimia uzito ule msikiti kama nyumba ya vitabu, kwani maktaba hujulikana kwa yule inayemfungulia mlango kuliko kwa hesabu ya juzuu zake.

Maktaba ya umma kwa mtindo wa Kizungu iliingia pwani kwa mlango mwingine. Mombasa ilipata Maktaba ya Seif bin Salim na chumba chake cha kusomea bure mwaka 1903. Mwaka 1948 ikaundwa Idara ya Maandiko ya Afrika ya Mashariki, ambayo pamoja na kuchapisha ilipeleka vitabu mashambani katika masanduku na kwa njia ya posta. Baada ya uhuru zikaja sheria: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Huduma ya Kenya ndiyo ile iliyokuja kuwapandisha ngamia vitabu kule Garissa mwaka 1996, na picha zao zikaenea duniani. Yote hayo yalikuwa ya manufaa, na aliyesomea mtihani chini ya taa ya maktaba hawezi kuyabeza. Ila zilikuja pamoja na sharti ambalo Amu haikulizoea: nyamaza. Zikaja pia na hesabu zao. Katika mpango wa Dewey, unaofuatwa na maktaba nyingi za umma, fasihi ya Kiingereza imepewa mlolongo mzima wa namba kuanzia 820, ambapo fasihi yote ya Kiswahili, kuanzia Muyaka hadi riwaya iliyotoka jana, imebanwa nyuma ya nukta katika 896.392. Mkutubi hana kosa. Lakini namba hiyo yaonyesha mpangaji alikuwa amekaa wapi alipokuwa akiutazama ulimwengu.

Na kuna jambo zito kuliko namba. Vitabu vya Amu vyenyewe viko wapi? Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa takriban 1855 na kufariki 1945, alikuwa mwandishi wa khati nzuri, mchongaji, mpiga kibangala na mtunzi. Alinakili tendi na mashairi ya mji wake kwa mkono, na wengi wa walioagiza nakala hizo walikuwa wataalamu wa Ulaya: Alice Werner, William Hichens, Ernst Dammann aliyefika Amu katika miaka ya 1930. Kwa hiyo kazi ya mkono wa Kijuma leo hutafutwa London na Ujerumani. Mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, wa kale kuliko ngome yenyewe, uko Hamburg. Si haki kuuita huo wizi bila ya kufafanua. Kijuma aliandika kwa ujira na kwa hiari, na kama si mikono ile ya wageni huenda mchwa na unyevu wa kusi ungalimaliza mengi. Mashairi ya Muyaka yenyewe yaliokolewa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, hata Hichens akayachapisha 1940. Lakini matokeo ni kwamba kijana wa Amu akiingia maktaba ya mji wake hukuta hadithi zilizoandikwa mbali zikimngoja karibu, na tendi za babu zake zikimngoja mbali.

Jambo la pili ni herufi. Kuanzia mkutano wa Mombasa wa 1928 na Kamati ya Lugha ya 1930, Kiswahili cha shule kikawa ni Kiunguja kilichosanifishwa, kwa herufi za Kilatini. Kiamu kikabaki barazani, na hati ya Kiarabu ikabaki chuoni. Mtoto wa Amu husoma Kurani kwa herufi zile zile alizotumia Kijuma, lakini akipewa ukurasa wa Kijuma wenye Kiswahili hukwama, kwa kuwa hakufunzwa kulisikia neno la kwao katika herufi hizo. Ana funguo, bali hajaonyeshwa kitasa.

Mengine yamerudi. Katika miaka ya 2010, miswada ya Msikiti wa Riyadha, ambayo mingi ni ya Kiarabu, ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na asili zenyewe zikabaki Amu. Mjini bado wamo washairi wenye makabati ya vitabu nyumbani mwao. Ustadh Mahmoud Mau, imamu na mtunzi aliyezaliwa 1952, tungo zake zilizunguka kwa kanda za kaseti kabla hazijafika katika kitabu, na hakuna aliyeona ajabu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 pameanzishwa tamasha la utamaduni la kila mwaka, ambamo mashairi hushindaniwa kama zishindaniwavyo mbio za punda na za madau, na Maulidi ya Riyadha nayo huambatana na mashindano ya khati. Chini ya Katiba ya Kenya ya 2010, maktaba na makumbusho yameorodheshwa miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo suala la kitu gani kifanywe katika chumba cha kusomea cha Amu linaweza kujibiwa karibu zaidi na Mkunguni kuliko zamani.

Kuusoma utendi mmoja wa Kijuma katika ua wa ngome hakudai fedha nyingi. Panahitajika nakala ya picha iliyochapwa, jamvi, jioni moja baada ya magharibi, na mtu mzima ajuaye kuzisoma herufi zile kwa Kiamu, akisoma mstari na vijana wakimfuatisha. Karatasi na jamvi hupatikana siku yoyote. Wasomaji wa namna hiyo wengi wao ni wazee, na kila mwaka khitma ya mmoja wao husomwa.